Kujenga R kwa Jenereta ya Karasha

Ninyi mnaobonyeza kitufe kimoja na programu ikaja yenyewe, kaeni hapa kidogo. Nataka kuwaambia jinsi nilivyomhukumu mwanamke asiye na kosa kwa jedwali la mistari minne, na kazi niliyoifanya kumtoa pale nilipomtia. Ndiyo kazi ninayojivunia kuliko zote, na nusu yake ilikuwa kugombana na mashine.

Naitwa Robi. Kwa miaka thelathini nilikuwa mtu wa takwimu za afya huku kwetu, mwaka huu Tarime, mwaka ujao Serengeti. Nilianza na kikokotoo ambacho kitufe cha saba kilikuwa kimekufa. Nikitaka saba naandika sita, najumlisha moja. Msicheke. Kikokotoo kile kilinifundisha kuhakiki kila jibu mara mbili, na mara moja niliposahau somo hilo, nusura kaya nzima ihame.

Ilikuwa miaka ya rashi, watu wakikimbilia dhahabu. Mtu akiokota jiwe linalong'aa Kemambo asubuhi, jioni kuna mahema, na kesho yake kuna mtu anauza chapati. Watu wa kijiji cha Busawe walioishi kwa mihogo na ng'ombe wakajifunza maneno mapya: duara, yaani shimo la kuchimbia, karasha, mashine ya kusaga mawe, mwalo, mahali pa kuoshea unga wa mawe hayo. Unga ule ulichanganywa na zebaki, zebaki ikakamata dhahabu, vikawa donge. Donge likachomwa motoni, zebaki ikapaa kama moshi, dhahabu ikabaki. Wengi walichomea jikoni, mlango umefungwa, kwa sababu nani anataka jirani aone ana kiasi gani?

Ndipo watu wakaanza kutetemeka mikono. Mama anamimina chai, nusu inaishia kwenye sahani. Wengine walisahau majina ya watoto wao, wengine walilalamika mdomo una ladha ya bati. Kituo chetu kikachukua mkojo wa watu wazima wa vitongoji viwili, tukaupeleka maabara mbali. Tulipeleka na maji ya kisima ambacho wengi wao walikitumia, lakini chupa za maji zilivuja njiani zikafika tupu. Majibu ya mkojo yakarudi: zebaki kwa wengi, kwa baadhi nyingi sana.

Mwenyekiti wa kijiji akanipigia simu. "Robi, watu wanataka jibu. Inatoka wapi?"

Nikachora jedwali. Upande mmoja wanaokunywa maji ya kile kisima, upande mwingine wanaokunywa maji ya mtoni au ya mvua. Wa kisima walikuwa na zebaki zaidi, tena kwa mbali. Nikaenda mkutanoni nikasema hivyo, kwa sauti ya mtu aliyesoma. Sikuongeza neno lolote la tahadhari. Nilikuwa na haraka, nilikuwa na njaa, na nilipenda jinsi watu walivyonyamaza kunisikiliza.

Upande wa juu wa kisima kile, mteremkoni, kulikuwa na mwalo wa mjane mmoja, Bhoke. Hakuna aliyelitaja jina lake. Waligeuka tu wote wakamtazama. Mwenyekiti akatangaza kwamba baada ya wiki mbili kutakuwa na mkutano wa mwisho: kisima kifukiwe, na Bhoke na watoto wake wanne waondoke kijijini.

Kesho yake Bhoke alikuja kituoni kwa miguu. Nilidhani amekuja kunitukana. Alinisalimia vizuri, akakaa.

"Shikamoo mama. Nina swali moja."

"Marahaba. Uliza."

"Mama yangu mzazi naishi naye. Tunachota ndoo moja, tunakunywa kata moja. Mimi mikono inatetemeka, yeye anaingiza uzi kwenye sindano. Kama ni maji, mbona yeye ni mzima?"

Nikafungua daftari. Zebaki ya mama yake ilikuwa kidogo mno. Nikamuuliza, "Yeye hachomi dhahabu?"

"Hataki hata kuiona. Analala kibanda cha nyuma, anasema moshi wa jikoni unamkera."

Vijana wangu, hapo ndipo nilipoliona kosa langu. Waliokunywa maji ya kisima kile ndio hao hao walioishi karibu na mwalo, na wanaoishi karibu na mwalo ndio wanaochoma donge majumbani. Mambo mawili yalikuwa yanatembea pamoja kama ng'ombe na mkia wake, nami nikaulaumu mkia. Tena kulikuwa na umri, kulikuwa na miaka ya kazi, kulikuwa na umbali wa nyumba. Nilijaribu kuyatenganisha kwa kalamu siku tatu, nikawa nazunguka palepale. Nilihitaji programu ya takwimu inayoweza kuyapima yote kwa pamoja na kuniambia kila moja lina uzito gani.

Programu hiyo jina lake ni herufi moja tu, R. Nilipiga simu duka la kompyuta Musoma.

"Ninahitaji R."

"Size L? Mama, hapa hatuuzi nguo."

Sisi Wakurya L na R hukaa chungu kimoja. Nikakata simu.

Kompyuta yetu nzuri ilikuwa imeuawa na radi. Zilizobaki zilikuwa mbili, ndogo na kuukuu, ambazo binamu yangu Marwa alizifufua. Marwa ni mtoto wa shangazi yangu, fundi wa kompyuta upande wa Kenya, ng'ambo tu ya Sirari. Alikuwa amezitia mfumo mwepesi unaokaa wote kwenye flashi na kufanyia kazi ndani ya kumbukumbu ya mashine, hivyo umeme ukikatika hakuna kinachoharibika. Kwa kituo chenye paneli moja ya sola na betri iliyochoka, mfumo ule ulitufaa sana.

Ndipo nikakumbuka flashi yenye R iliyokwisha kujengwa, niliyopewa kwenye semina. Nikainakili, nikaiamuru iwake. Mashine ikajibu: faili haipo. Nikaorodhesha faili, iko. Nikaiwasha, haipo. Nikamwita nesi aje atazame kwa macho yake, akasema, "Mama, si hii hapa?" Nikampigia Marwa.

"Hiyo faili iko," alisema. "Yenye haiko ni ile inaitafuta. Sikiza, dada. Programu haijui kufungua faili yenyewe, haijui kuandika namba yenyewe. Inatuma maktaba ya C, hiyo ni kama mtumishi wake. Hiyo R yako ilijengwa kwa mashine ya maktaba kubwa, glibc. Yako iko na ile ndogo, musl. Ni kama umeitisha Chacha kwa boma, na huko Chacha hayuko, kuna Mwita. Kazi Mwita anajua, lakini hajibu jina ya Chacha."

"Sasa nifanye nini?"

"Ujenge upya. Utoe source, uikompaili hapo hapo kwa mashine yako, iongee na Mwita tangu mwanzo."

Kukompaili ni kuchukua programu kama ilivyoandikwa na watu na kuigeuza iwe kitu ambacho mashine yenyewe inaweza kukitenda. Marwa alinitumia maandishi hayo kwenye flashi kwa mkono wa mama mmoja muuza mitumba wa Sirari. Zilikuwa zimebaki siku tisa.

Jaribio la kwanza lilikwama mapema: hakuna kikompaili cha Fotrani, lugha ya zamani ya kuandikia programu. Nilidhani Fotrani ni mambo ya kizazi cha babu, kumbe nusu ya hesabu za R zimeandikwa humo. Nikakipata kwenye flashi ile ile ya Marwa. Jaribio la pili likafika mbali, kisha likasimama kwenye sehemu ya maandishi ya programu iliyoulizia, kwa jina la kizamani, kazi fulani ya kutambua kama kitu ni namba au si namba. Maktaba kubwa bado inalijua jina lile la kizamani. Ndogo hailijui.

Hapo nikafanya kosa ambalo ninyi mnalifanya kila siku. Niliifuta mistari mitatu iliyouliza swali lile. Kikompaili kikaendelea kwa furaha, programu ikajengwa mpaka mwisho, ikawaka. Nilipiga makofi peke yangu. Majaribio ya kuhakiki yanayokuja na programu nikayaruka, maana betri ilikuwa inaisha. Nikaipa orodha ya zebaki ya watu kumi, mmoja hakuwa na jibu. Nikaomba wastani wa waliobaki.

Ikajibu: si namba.

Nikaomba tena. Si namba. Programu ya takwimu, kazi yake yote duniani ni namba, inaniambia si namba.

Marwa alicheka kwenye simu mpaka akakohoa. Kisha akawa mkali, na ninayakumbuka maneno yake mpaka leo.

"Dada, hiyo error ilikuwa inakuambia ukweli. Wewe ukaizima. Ukinyamazisha mbwa, mwizi si bado ako kwa boma? Rudisha hiyo mistari. Usifute swali, badilisha jina ya mwenye unauliza. Kuna jina ya kawaida, Chacha analijua na Mwita analijua. Na usiruke majaribio. Ukiruka majaribio, wewe si fundi, wewe ni mcheza kamari."

Nilisikia kama hasemi R peke yake. Habari za mkutano nilikuwa sijamwambia. Jedwali langu nalo nililipeleka bila kulihakiki.

Nikarudisha mistari mitatu, nikaandika jina la kawaida. Sasa tatizo likawa umeme. Kujenga upya kulihitaji saa nyingi mfululizo, na betri yetu ilihimili saa mbili. Nikabeba mashine kwenye begi, nikapanda bodaboda hadi Kemambo kwa mzee Nyamhanga mwenye karasha. Alikuwa na jenereta kubwa.

"Shikamoo tata," nilimwamkia, kama tunavyomwita baba.

"Marahaba. Umeleta dawa?"

"Nimeleta kompyuta. Naomba umeme kutwa nzima."

Akaitazama ile mashine, ndogo kama kitabu cha nyimbo. "Hiyo? Chomeka tu, haitakula hata kikombe cha mafuta."

Nikachomeka. Karasha ilipouma jiwe kubwa, umeme ulizama, taa ikafifia, mashine ikazimika. Tukaanza upya. Jiwe la pili, ikazimika tena. Betri yake ya ndani ilishakufa zamani. Nyamhanga akasimama mikono kiunoni.

"Sasa unafanyia nini hiyo kitu?"

Nikamweleza yote: Bhoke, kisima, jedwali langu. Sikujificha. Mzee alikuwa na mawe ya watu yanayongoja kusagwa, na wenyewe walikuwa wamekaa pale juu ya viroba. Alitema mate pembeni, akaenda akazima karasha kwa mkono wake.

"Leo tunasaga maneno," aliwaambia. "Mawe hayaozi."

Nilitegemea kelele. Badala yake wachimbaji walikusanyika nyuma yangu kutazama herufi zikipanda kwenye kioo. Jamaa mmoja mwenye tochi kichwani aliuliza, "Mama, hiyo inachimba au inachenjua?"

"Inachenjua," nilijibu. "Yanaingia maandishi, inatoka programu."

"Na marudio je?"

Marudio ni mabaki ya udongo ambayo kwao huwa bado yana dhahabu. Nikamwonyesha mistari ya maonyo. "Haya hapa. Usiyatupe, ndani yake mna kitu." Wakacheka, lakini yule jamaa akaanza kunisomea kila onyo lililopita, herufi kwa herufi, nami nikaandika.

Ikajengwa. Nikaendesha majaribio yote, moja baada ya jingine. Yakapita. Nikaingiza orodha ya kweli, nikaomba hesabu kubwa, ile ya kupima kisima, jiko, umri, miaka na umbali kwa pamoja. Mashine ikafikiri kidogo, kisha programu nzima ikaanguka bila hata kuaga.

Wachimbaji waliguna kama mpira umegonga mwamba. Nikampigia Marwa. Safari hii hakucheka, aliuliza moja kwa moja.

"Hesabu ndogo inafanya?"

"Inafanya."

"Kubwa inakufa?"

"Inakufa."

"Basi ni meza. Ikipata kazi kubwa inaigawia vibarua kadhaa wafanye pamoja. Maktaba kubwa inapatia kila kibarua meza mzima. Hii ndogo inampatia kigoda. Kazi kidogo inatosha hapo, kubwa inamwagika. Kuna neno unaongeza wakati wa kuunganisha, unaiambia kila kibarua apewe meza kubwa. Andika."

Nikaandika. Nyamhanga akaongeza mafuta kwenye jenereta mwenyewe. Tuliunganisha, tukarudia majaribio yote tangu mwanzo. Jua lilikuwa limeshaegemea upande wa Nyamongo nilipoomba tena ile hesabu kubwa.

Safari hii haikuanguka. Majibu yalishuka kwenye kioo, mistari mitano, nami nikaisoma mmoja mmoja. Kuchomea donge ndani ya nyumba: uzito mkubwa, kuliko vyote. Miaka ya kazi hiyo: uzito. Kisima: karibu na sifuri. Maji ya kisima hayakuwa na kosa, wala Bhoke.

Nilisimama nikapiga kigelegele. Sijui nilikitoa wapi, mimi mtu wa ofisi. Wachimbaji hawakuelewa hata mstari mmoja lakini waliitikia, na mzee Nyamhanga akawasha karasha tena kwa mlio wa furaha.

Sasa sikilizeni, maana hapa wataalamu wengi hushindwa. Kujua ni nusu ya kazi. Nisingeweza kusimama Busawe nikawaambia watu kuhusu uzito na sifuri. Nilikwisha kuwadanganya mara moja kwa lugha ya kisomi. Basi nilikwenda na debe la mahindi, meupe na ya njano, na mkeka. Kabla ya mkutano nilimpa kila mtu majibu yake kwenye bahasha iliyofungwa, ayasome mwenyewe.

Nikaanza kwa kuomba radhi. "Wiki mbili zilizopita nilisema kisima ndicho chenye kosa. Nilikosea mimi. Tazameni."

Nikapanga mafungu manne kwenye mkeka. Punje moja, mtu mmoja, bila jina. Njano ni mwenye zebaki nyingi, nyeupe ni mwenye kidogo. Fungu la kwanza: wanaokunywa kisimani na kuchomea ndani. Karibu lote njano. La pili: wanaokunywa kisimani lakini hawachomi ndani. Jeupe kama ugali wa sherehe. La tatu: wanaokunywa mtoni, hawana habari na kisima, lakini wanachomea ndani. Njano. Nilipomwaga fungu la nne, la wasiokunywa kisimani wala kuchomea ndani, watu walikuwa wameshaelewa. Lilikuwa jeupe. Bibi mmoja aliinama akahesabu punje za njano kwa kidole, akainuka akasema kwa Kikurya kwamba basi ni moshi, na neno lile likapita mkutano mzima kama upepo kwenye mtama.

Kijana mmoja akapinga. "Huyo mama alisema kisima, leo anasema moshi. Kesho atasema nini?"

Lilikuwa swali la haki, nikalijibu. "Kesho nitasema chochote ambacho namba zilizohakikiwa mara mbili zinasema. Juzi sikuhakiki."

Mwenyekiti alikuwa amekaa kwenye kiti chake mbele, bahasha yake imefunguliwa magotini. Nilijua kilichoandikwa humo, na nilikuwa nimeapa mdomo wangu hautakitaja. Yeye ndiye aliyesimama mkutano uliopita na kumnyooshea Bhoke mlango. Sasa alisimama polepole. Ile karatasi ilikuwa inatetemeka, na kila mtu aliona kwamba si karatasi inayotetemeka.

"Mimi sinywi kisima kile," alisema. "Nina tangi la mvua. Mnalijua." Akanyanyua karatasi. "Na zebaki yangu ni nyingi. Nachomea chumbani, kando ya kitanda, ili msijue."

Hakuna aliyecheka. Akamgeukia Bhoke, mtu mzima yule, mbele ya wazee wenzake na watoto wao.

"Bhoke, nilikukosea. Kisima kinabaki, na wewe unabaki."

Mama mzazi wa Bhoke, yule wa kibanda cha nyuma, ndiye aliyejibu kwa kigelegele kirefu, na wanawake wa vitongoji vyote viwili wakakipokea.

Wiki ile ile walijenga banda la wazi mbali na nyumba, la kuchomea, juu ya kilima ambako upepo haurudi kijijini. Baadaye tukapeleka maji ya kisima tena, safari hii chupa zimefungwa kwa nta, na maabara ikajibu kwamba ni safi. Mwaka uliofuata tulipima mkojo upya. Niliiwasha R yangu kwenye mashine ile ile ndogo, nikaendesha majaribio yote kwanza, kisha nikaomba hesabu. Namba zilikuwa zimeshuka nyumba kwa nyumba. Nilichapa karatasi moja nikampelekea Bhoke mwenyewe kule mwaloni. Aliipokea kwa mikono miwili, akaisoma mpaka mwisho, kisha akanimiminia chai kikombe kikajaa hadi ukingoni, na sahani ikabaki kavu.